Maswali na Majibu: Maji kwenye shimo la changarawe, bonde la Luiche

SWALI: Kikundi chetu kina leseni ya kuchimba changarawe karibu na mto Luiche. Kwenye shimo la majaribio tulikuta maji mita 2 chini, na changarawe yenye mchanga inaendelea hadi mita 8, ndipo unaanza mfinyanzi mgumu. Tunataka shimo la mita 40 kwa 30, lishuke mita 5. Tuna pampu moja ya petroli ya inchi 3. Itatosha kukausha? – Wachimbaji, Ujiji

JIBU: Haitatosha, ndugu zetu. Maji mnayotaka kuyashusha yana unene wa mita 6 juu ya mfinyanzi, nanyi mnataka yabaki mita 3. Changarawe yenye mchanga kama yenu aghalabu hupitisha maji kwa kasi ya karibu milimita moja kwa sekunde. Kwa hesabu ya kawaida ya visima, shimo hilo litaingiza takriban lita 31 kwa sekunde, yaani mita za ujazo 111 kwa saa. Pampu ya inchi 3 huandikwa 60 kwa saa, lakini hiyo ni pale isipopandisha maji. Ikishapandisha mita sita saba hutoa 35 au 40.

Wengi hudhani wakipunguza shimo nusu, maji nayo yatapungua nusu. Sivyo. Shimo la mita 30 kwa 20 mahali hapohapo litaingiza kama 99 kwa saa, kwa sababu maji yanavutwa kutoka eneo pana, karibu mita 300 kila upande. Ndiyo maana visima vya majirani vilivyo ndani ya umbali huo vipimwe kina kabla hamjawasha pampu, wenyewe wakishuhudia.

Kabla ya kukodi mashine kubwa, fanyeni jaribio. Chimbieni mabomba matatu ya PVC ya inchi 2, mita 5, 15 na 30 kutoka shimo la majaribio. Sehemu iliyo majini ikatwe mipasuo kwa msumeno wa chuma, ifungwe kitambaa cha kuchuja, pembeni ijazwe changarawe safi. Endesheni pampu saa 24 bila kuzima, huku mkipima kila saa maji yameshuka kiasi gani kwenye kila bomba. Maji yanayotoka yapimeni kwa pipa la lita 200: likijaa kwa sekunde 20, mnatoa lita 10 kwa sekunde. Namba hizo ndizo za kumpelekea fundi, zitashinda makadirio yetu. Jaribio la Septemba lisiwadanganye. Mvua za huku huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na maji ya ardhini hupanda nazo. Karibu na mdomo wa mto hufuata pia kina cha Ziwa Tanganyika, ambalo limepanda sana tangu 2020.

Mkiamua kukausha, tafuteni pampu ya dizeli ya inchi 6, na ya akiba iwepo. Kigoma iko zaidi ya mita 770 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kidogo, kwa hiyo msitegemee pampu inyonye kutoka chini ya mita 6. Ikatieni jukwaa ubavuni, mita 1.5 kutoka juu. Kwenye kona ya chini chimbeni kisima cha kukusanyia, mita 1.5 chini ya sakafu, mtumbukize pipa lililotobolewa na kuzungushiwa kokoto. Chujio la mpira wa kunyonyea lining'inie sentimita 30 juu ya kitako, la sivyo pampu itakula mchanga na propela itaisha mapema. Maji yakianza kutoka na mchanga mfululizo, zimeni na kuweka tabaka la kokoto penye chemchemi. Mchanga huo unatoka chini ya kuta, na kuta zitafuata.

Lakini tungewashauri msikaushe kabisa. Kijiko (mashine ya kuchimbia) cha kawaida cha tani 20 hufika chini karibu mita 6 na nusu kikiwa kimesimama ukingoni. Changarawe inachimbwa ndani ya maji, inalundikwa kando ijichuje usiku, inapakiwa kesho yake. Ubaya wake ni kwamba dereva haoni chini, hivyo pimeni kina kwa fimbo kila mara asije akachota mfinyanzi. Kijiko kisimame mbali na ukingo wenye nyufa.

SWALI: Je, tunaweza kuyamwaga maji moja kwa moja mtoni? – Wachimbaji haohao

JIBU: Hapana. Kwanza kibali cha kutiririsha kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Pili bwawa la kutuamisha: kwa lita 31 kwa sekunde, mita 20 kwa 10, kina mita 1.5, maji yaingie upande mmoja yatokee mwingine. Chembe za udongo laini zitatuama, ila mfinyanzi hautatuama humo. Msiyamwage karibu na shimo, yatarudi chini kwa chini na mtayapampu mara mbili.

SWALI: Tuanze na nini kuandaa eneo?

JIBU: Pimeni mita 60 kutoka ukingo wa mto, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 hairuhusu shughuli za kudumu au zinazoweza kudhuru ukingo ndani yake. Kisha mtaro na tuta upande wa juu kuzuia maji ya mvua. Udongo wa juu, sentimita 20 hadi 30, uwekeni peke yake, lundo lisizidi mita 2, mtauhitaji kufukia.