Kompyuta kumi zimefika shuleni, tuanzie wapi?

Mleta mada, umesema hapo Pongwe mmepata kompyuta kumi za msaada, mkuu wa shule anataka mpango wa TEHAMA "wa viwango vya kimataifa", na wewe mwalimu wa Hesabu ndiye umetwishwa mzigo. Pole. Mimi hapa Tanga mjini nafundisha Fizikia, na kosa langu lilikuwa kuonekana nikibadilisha betri ya saa ya ofisini.

Kwanza nikuambie nilivyoboronga. Muhula mzima nilifundisha sehemu za kompyuta: kibodi, kipanya, CPU ni ubongo. Wanafunzi sitini kwa mashine kumi, kwa hiyo kazi kubwa ilikuwa chaki na ubao. Walikariri vizuri sana. Siku nilipowaambia waandike barua na kuisevu, watatu tu ndio walioiona tena faili yao.

Ndipo nikakaa nikazisoma hizo nyaraka za viwango vya kimataifa anavyovitaka mkuu wako. Viwango vya ISTE (chama cha Marekani cha teknolojia katika elimu) kwa wanafunzi vilitoka mara ya kwanza 1998. Toleo la 2016 lina viwango saba, na hakuna hata kimoja kinachotaja Word wala Excel. Vinamzungumzia mtoto anayetafuta taarifa na kuzipima, anayebuni, anayeshirikiana na wenzake, anayejiheshimu mtandaoni. Nyaraka ya UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, ndiyo iliyonichoma, maana inapima umahiri wa mwalimu katika TEHAMA: toleo la 2018 lina umahiri 18 katika ngazi tatu. Nilijipima nikajikuta ngazi ya kwanza, tena bado nabisha hodi.

Basi nikatafuta kazi halisi ya kuwapa. Mwalimu wa Jiografia alikuwa na kipimamvua kimesahaulika stoo. Masika yalipoanza, Kidato cha Pili wakawa wanapima kila siku saa tatu asubuhi kwa zamu, wanaingiza milimita kwenye jedwali la LibreOffice (programu za ofisi kama Word na Excel, ila ni za bure, usibabaishwe na wauza leseni), Ijumaa wanachora grafu. Wiki ya tatu grafu ikaota mnara: Jumanne, milimita 480! Darasa likapiga makofi kwa rekodi. Binti mmoja, mkimya ambaye sikuwahi kumsikia sauti, akasema: "Mwalimu, hiyo ni karibu nusu mita ya maji. Mbona jiko la shule halikuelea?" Tukafungua daftari la zamu. Ilikuwa 48.0, nukta imemezwa.

Kusevu sikuwafundisha tena. Zamu iliyopoteza mvua ya wiki nzima ilisemwa na wenzao mpaka ikajifunza yenyewe.

Kwa hiyo mkuu wa shule mpe ukurasa mmoja tu: kila somo litaje kazi moja ambayo bila kompyuta ingekuwa mateso, na mwalimu wa somo ndiye akae na darasa, wewe uwe fundi wa pembeni. Hapo kutakuwa na kelele. Walimu wenzetu wanaogopa kuaibika mbele ya watoto, na mimi nilianza kwa kuwafundisha wao jioni, mlango umefungwa.

Sasa adui ambaye nyaraka hazimtaji: chumvi. Upepo wetu wa bahari unakula vyuma. Mashine iliyofungiwa likizo nzima inagoma kuwaka. Chomoa umeme, toa RAM (kile kijikadi cha kumbukumbu ndani ya mashine), sugua meno yake taratibu kwa kifutio cha penseli, rudisha. Mara nyingi inaamka. Washeni zote angalau mara moja kwa wiki hata likizo, na yale mafuniko ya plastiki toeni, yanafungia unyevu ndani. Stabilaiza, kile kifaa cha kutuliza umeme unaopanda na kushuka, msikwepe.

Bando lisikuumize kichwa. Pakua Kolibri, programu ya bure yenye masomo na mazoezi, iweke kwenye mashine moja, nyingine zinaisoma kwa waya bila intaneti kabisa. Mengi yaliyomo ni ya Kiingereza, kwa sekondari si shida.

Wewe wa Hesabu una bahati, takwimu ni zako. Tuma watoto wakusanye bei za samaki pale Deep Sea, soko la samaki la hapa Tanga, kwa wiki mbili uone ubishi wa wastani utakaozuka. Andika hapa mna mikondo mingapi, nikuwekee ratiba ya zamu tuliyotumia sisi.