Pedali za SPD zinacheza na kiatu kinachomoka chenyewe: usizitupe kwanza

Mkuu, umeuliza mambo matatu kwa mkupuo. Pedali zako za SPD (zile zinazonasa kichuma kilicho chini ya soli ya kiatu) ulizonunua mtumba miaka miwili iliyopita zinacheza ukizitikisa kwa mkono, zinalia ukipanda mlima, na kiatu kinachomoka chenyewe wakati hujataka. Fundi wako wa hapo Tanga amekwambia zimekufa, tafuta nyingine. Mimi nadhani hajazifungua. Hayo ni maradhi matatu tofauti, na mawili kati yake huenda hayako kwenye pedali kabisa.

Nipo Arusha, naendesha baiskeli ya milimani tangu 2013. Njia zangu ni Olmotonyi, Monduli, na mara mojamoja nateremka hadi Longido. Wanaoujua upande huu wanalijua vumbi lake la volkano, laini kama unga wa sembe, linapenya mpaka kwenye saa ya mkononi. Masika ikifika, vumbi hilohilo linageuka tope la kunata. Pedali zangu ni Shimano M520, zile za bei ya chini, nzito kidogo, gramu 380 hivi kwa pea. Nilizinunua 2015 na mpaka leo ziko kwenye baiskeli. Utunzaji wangu usikudanganye lakini: miaka miwili ya mwanzo sikuzigusa kabisa, na nusura niziue.

Tuanze na kiatu kuchomoka, maana hilo ndilo linalovunja watu mabega. Geuza kiatu uitazame kliti, kile kichuma kinachofungwa chini ya soli. Mdomo wake wa mbele na kingo za nyuma ndizo zinazoshikwa na pedali. Kila ukitembea juu ya mawe au sakafu ya saruji unazisaga. Zikiisha, hata pedali iliyotoka dukani jana haitakushika vizuri. Mimi kosa hilo nililifanya 2017. Nilinunua pedali mpya, nikafunga, siku ya kwanza tu mguu ukachomoka kwenye mteremko palepale ulipokuwa ukichomoka zamani. Kliti mpya ikamaliza kesi, nikarudisha pedali zangu za zamani. Kwa mwendo wangu kliti ya chuma inakaa mwaka, wakati mwingine mwaka na nusu. Zipo aina nyingine za pedali zinazotumia kliti za shaba ya njano, ambayo ni laini, na hizo rafiki yangu anabadilisha kila baada ya miezi sita hivi. Ni laini kwa makusudi, ili iliwe kliti badala ya pedali, kwa hiyo usimlaumu mtengenezaji.

Kwa kuwa ulinunua mtumba, soma pia maandishi yaliyogongwa kwenye kliti. SH51 inaachia ukipeleka kisigino pembeni. SH56 inaachia kwa pande nyingi zaidi, hata ukivuta mguu kwenda juu huku umeupinda. Watu wengi wanaojifunza hufungiwa SH56, na ukiwa na nguvu za kuvuta pedali mlimani, itakuachia bila kukuuliza. Kama ndiyo uliyonayo, umeshapata jibu lako.

Ukishaona kliti ni nzima, sasa gusa springi. Kuna skrubu ndogo ya alenki (ufunguo wa pembe sita) namba 3 kila upande wa pedali, yaani jumla ziko nne. Kaza kuelekea alama ya kujumlisha, mbofyo mmoja au miwili, na uzihesabu zote zilingane. Nimeona mtu amekaza upande mmoja wa pedali na kusahau wa pili, halafu anasema pedali ina mapepo, leo inashika kesho haishiki.

Kuna balaa la kinyume chake pia, mguu kukataa kutoka. Kliti inafungwa kwa boliti mbili za alenki namba 4. Yangu moja ilidondoka njiani bila mimi kujua. Nikafika sokoni Ngaramtoni, nikasimama, nikapinda kisigino kama kawaida, kiatu kikageuka lakini kliti ikabaki imenasa, kwa sababu ilikuwa inazunguka kwenye ile boliti moja iliyobaki. Nikaanguka taratibu kama mgomba uliokatwa, pembeni tu ya mafungu ya nyanya. Mama muuzaji akaniangalia, akasema, "Pole baba, mbona mguu huutoi?" Ikabidi nifungue kiatu nikiwa nimelala chini, nikiache kikining'inia kwenye pedali. Tangu siku hiyo boliti za kliti natia grisi kidogo kwenye hesi, nakaza kwa Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 5 hadi 6, na nazijaribu tena baada ya safari ya kwanza. Kitundu cha alenki nakijaza nta ya mshumaa ili mchanga usikisage, maana kikishaliwa kikawa mviringo, kuitoa hiyo boliti ni kazi ya drili.

Kelele sitaziongelea sana. Mara nyingi ni kliti kavu ndani ya pedali kavu, au pedali iliyofungwa kwenye krenki (ule mkono wa chuma unaobeba pedali) bila grisi. Tone la mafuta ya cherehani kwenye springi na sehemu za kunasa, futa yanayozidi, endesha. Zikibaki baada ya hapo, fungua pedali, safisha hesi, tia grisi, rudisha.

Sasa hilo la kucheza. Kwanza hakikisha kinachocheza ni pedali, si krenki yote. Shika mkono wa krenki kwa mkono mmoja na pedali kwa mwingine, tikisa. Halafu izungushe kwa kidole. Hapa wengi wanadanganyika. Pedali nzima yenye grisi huzunguka raundi moja, mbili, inasimama, kwa sababu grisi na sili (raba ya kuzuia maji na vumbi) vinaizuia. Ile inayozunguka kama pangaboi ndiyo ya kuogopa, grisi imekwisha ndani.

Kuifungua kunahitaji kifaa cha plastiki chenye meno, kinaitwa TL-PD40, ni cha bei ndogo, na spana kubwa au jiliwa ya kukishikia. Usijaribu na plaizi, utayala meno ya pedali. Mhimili, yaani chuma cha katikati ambacho pedali inazungukia, hutoka mzima na gololi zake. Ila mwelekeo unachanganya: kufungua huu mhimili, pedali ya kulia inafunguliwa kinyume, ya kushoto kawaida. Ni kinyume cha hesi za kwenye krenki. Kwenye kifaa kuna mshale wa kukaza, ukifungua nenda kinyume chake, usiutegemee ubongo saa nne usiku kama mimi.

Nilipofungua za kwangu mara ya kwanza, 2017, mwaka uleule wa lile kosa la kliti, nilikuta grisi nyeusi kama lami, imechanganyika na maji. Maji yalitoka wapi? Kwenye mashine ya kuoshea magari. Kila nikirudi na tope nilikuwa naipitisha baiskeli kwa vijana wa kuosha magari, wananipigia kwa presha kwa buku mbili, inang'aa. Presha ile inasukuma maji na mchanga kupita sili moja kwa moja. Siku hizi naosha kwa ndoo na mswaki wa zamani, na nadhani hicho kimezisaidia pedali zangu kuliko kitu kingine chochote.

Kama gololi bado ni laini na hakuna kukwaruza, huna haja ya kuzitenganisha. Futa tundu la pedali kwa kitambaa, jaza grisi mpya kama theluthi moja, rudisha mhimili polepole. Grisi mpya inasukuma ya zamani, utaiona ikitoka nyeusi pembeni ya sili. Ikianza kutoka safi, umemaliza. Kazi ya dakika ishirini, mimi naifanya mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na baada yake. Grisi ya beringi za magari inatosha.

Kama inacheza, mwishoni mwa mhimili kuna koni (nati inayobana gololi) na nati yake ya kufungia, kwangu ni spana namba 10 na 7. Legeza nati, kaza koni kidogo sana, rudisha nati, jaribu. Nati ikikazwa huwa inaibana koni zaidi, kwa hiyo itakuchukua majaribio matatu au manne. Ukikuta koni ina mashimo yanayokwaruza ukucha, hapo fundi wako atakuwa amesema kweli. Mhimili unauzwa peke yake kama spea, lakini kwa M520 piga hesabu kwanza, bei yake inaweza kukaribia ya pea mpya. Kwa pedali za bei kubwa ndiyo inalipa.

Mwisho, uko Tanga, na hewa ya chumvi haina huruma. Mhimili ni chuma, krenki ni alumini, vikikaa pamoja bila grisi vinashikana kama vimechomelewa. Fungua pedali kila baada ya miezi mitatu au minne, tia grisi, rudisha, hata kama hazina tatizo. Krenki yangu moja iliharibiwa na fundi aliyeilazimisha pedali ya kushoto kama vile ni ya kulia, ikaliwa hesi zote, ikabidi kwenda kuchongewa bushi. Kanuni yangu ni hii: simama upande wa pedali unayofungua, spana ielekee juu, uivute kuelekea gurudumu la nyuma. Pande zote mbili ni hivyohivyo. Ile ya kushoto ikigoma, kabla hujatafuta bomba la kurefushia spana, hakikisha kwanza hauikazi.