Taji la TDA1541A

SWALI: Nimeuziwa chipu ya Philips TDA1541A, ile ya pleya za CD inayogeuza dijitali kuwa sauti, yenye alama ya taji la S1. Nitajuaje kama si feki?

JIBU: Ndugu msomaji, usitegemee masikio. S1 ni TDA1541A ileile iliyochaguliwa kiwandani kwa usahihi wake, hivyo ya kawaida iliyobandikwa taji nayo itapiga muziki vizuri tu. Lowesha pamba kwa asetoni, sugua pembeni mwa uso. Pamba ikitoka nyeusi, chipu imepakwa rangi kuficha maandishi ya awali. Isipotoka kitu, bado usiamini: maandishi bandia ya leza hayafutiki. Chukua lenzi, tafuta mikwaruzo ya msasa inayoelekea upande mmoja na vishimo vya mviringo vya kiwandani vilivyofifia: ni dalili kwamba uso umesagwa. Miguu 28 yenye mabaki ya risasi ya kulehemu? Imechomolewa kwenye pleya kuukuu. Hiyo si feki, ila isiuzwe kama mpya.