Mkuu, usilipie hiyo nyumba kabla mvua haijainyeshea

Hiyo hela irudishe benki kwanza. Nimesoma uzi wako mara mbili, nikajiona mimi mwenyewe wa mwaka 2017.

Unasema umepata nyumba upande wa Boko, hapa Dar, imeishia kwenye plasta, ipo "bondeni kidogo". Umeiona Agosti, bei imeshuka kwa sababu mwenyewe anahamia mkoani, na dalali anakusukuma ulipe kabla ya Ijumaa. Halafu unatuuliza rangi gani itapendeza sebuleni, lori la kuhamisha vitu ni bei gani, na mambo ya umeme yanakwendaje, ili Desemba uwe umeshaingia na familia. Rangi iache. Uliza maji yanapita wapi.

Mimi nilinunua pagale, yaani nyumba ambayo haijaisha, Septemba 2017, pande hizo hizo, milioni 28. Kiangazi kimekolea, mchanga mweupe, upepo wa bahari unapuliza. Nikamuuliza dalali kama maji hayatuami. Akapiga mguu chini mara mbili, akasema, "Bosi, hapa ukimwaga ndoo, ukigeuka pameshakauka." Tukamwaga, kweli pakakauka. Pembeni palikuwa na mkondo uliojaa matete, nikauliza, akaniambia huo mto ulishakufa. Wala hakuna aliyenidokeza kwamba Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Nenda na futi ya kamba, pima mwenyewe.

Nikapaua, nikapiga plasta, nikaweka vigae vyeupe. Tukahamia Januari 2018. Usiku wa kwanza hatukuwa na pazia wala kitanda, tulilala wote wanne kwenye magodoro sebuleni, na mke wangu akasema, "Baba Neema, leo hakuna wa kutugongea kudai kodi." Furaha ile siwezi kukueleza.

Ikaja masika. Katikati ya Aprili mvua ilipiga Dar siku kadhaa mfululizo, wengi humu mnaikumbuka. Tulikuwa tumepanga viroba vya mchanga kwenye kizingiti. Maji hayakupita mlangoni. Saa nane usiku nikasikia choo kinaguguma, guu, guu, kama mtu anasukutua. Nikawasha taa, maji meusi yamefika ukingoni. Karo, lile shimo la majitaka ya choo, limejaa, na si kwa matumizi yetu: maji ya ardhini yamepanda, yameingia karoni, na yakikosa pa kwenda yanarudi ndani. Nikageukia sebuleni, nikaona sakafu inatoa jasho. Kwenye kila kiungo cha kigae kuna kamstari ka maji kanapanda polepole. Fundi hakuweka nailoni ya kuzuia unyevu chini ya zege, na hela ya nailoni nilimkabidhi mkononi! Alfajiri maji yako kwenye vifundo vya miguu, kabati la nguo limevimba kama andazi, na sanduku la vyeti vyetu vya shule lilikuwa chini ya kitanda.

Likaja gari la majitaka, trip moja 90,000. Likanyonya, likaondoka, jioni karo limejaa tena. Unalipia kunyonya maji ya mtaa mzima. Nilifanya hivyo mara nne ndani ya wiki mbili, mpaka mzee mmoja jirani akaniita: "Mwanangu, acha kutupa hela. Hapa masika huwa tunasubiri yapungue yenyewe." Nikamuuliza, mzee wangu, mbona hukuniambia nilipokuwa napaua? Akanijibu, "Hukuniuliza. Kila siku ulikuwa unakuja na dalali."

Dalali nilimpigia. Akaniambia mvua ni mipango ya Mungu. Mvua ni ya Mungu, nakubali. Kusema mto umekufa ilikuwa mipango yake yeye na kamisheni yake.

Tulirudi kupanga miezi minne. Nikamwaga kifusi lori 22, nikang'oa vigae, nikainua sakafu kozi mbili za tofali, safari hii nailoni nikaitandika kwa mikono yangu, nikajenga karo jipya lililoinuliwa juu ya usawa wa kiwanja. Milango ikabidi ikatwe. Madirisha nayo yamebaki chini, ukikaa kwenye kochi mnatazamana na mpita njia uso kwa uso. Jumla milioni 11 na ushee.

Kwa hiyo nenda tena kesho, peke yako. Kaa kwa mama ntilie, kula chapati zako, mwulize Aprili watoto wanapita wapi kwenda shule. Waulize watoto wenyewe huwa wanaogelea wapi, hao watakupeleka mpaka mahali penyewe. Angalia vyoo vya majirani: ukiona vimepandishwa ngazi tatu nne, jua kuna sababu. Angalia kuta kwa chini kama zina chumvi nyeupe au mstari wa kahawia unaozunguka nyumba, na kama plasta ya chini ni mpya kuliko ya juu. Kisha subiri vuli. Zikinyesha mvua mbili tatu kubwa, mwombe mwenyewe ruhusa, chimba kishimo cha mita moja na nusu, ukiache kilale. Asubuhi ukikuta maji, usipoteze muda kuulizia bei. Akitokea mwingine akalipa kabla yako, mwache alipe.

Kuhamia kwako kuna raha yake, sikukatishi tamaa. Mwembe niliopanda juu ya kile kifusi umeshazaa. Mvua ikinyesha usiku bado naamka, naweka kiganja sakafuni, nakuta pakavu, narudi kulala.

Umeme: tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, kwa hiyo hakikisha mita haina deni la mtu. Rangi na lori watakujibu wengine.

Ukishachimba hicho kishimo, piga picha ulete hapa kabla hujalipa.