Maswali na Majibu: Fomu ya Kituoni Kwanza, Seva Baadaye

Barua za safari hii zote zinahusu usalama wa kura nchini Kenya, kwa kuwa Agosti 2027 inakaribia na wasomaji wameanza kuingiwa na wasiwasi. Nimechagua saba.

*Ndugu mwandishi, mwaka 2017 seva zilichezewa, na mwaka 2022 tukaambiwa hivyo hivyo. Kwa nini nirauke kupanga foleni ilhali matokeo yanapikwa kwenye kompyuta? (Msomaji, Siaya)*

Swali hili nimelijibu mara nyingi, na linanisikitisha kwa sababu humbakiza muulizaji nyumbani siku ambayo macho yake yanahitajika kituoni. Kura za Kenya hazihesabiwi na kompyuta. Huhesabiwa kwa mkono mbele ya mawakala wa wagombea: msimamizi wa kituo huikunjua kila karatasi, huiinua juu ionekane, kisha hutaja jina la mgombea. Jumla huandikwa kwenye Fomu 34A, mawakala hutia saini na kupewa nakala, na nakala nyingine hubandikwa hadharani hapo hapo kituoni. Zaidi ya hayo, Mahakama ya Rufani iliamua Juni 2017 kwamba matokeo ya urais yanayotangazwa katika eneo bunge ni ya mwisho, na makao makuu ya Tume ya Uchaguzi hayana mamlaka ya kuyageuza.

Someni basi uamuzi wa Mahakama ya Juu wa tarehe 1 Septemba 2017, uliofuta uchaguzi wa urais, kabla ya kuutaja. Tume ilikuwa imemtangaza mshindi kabla ya kupokea fomu zote za vituo, na ilipoamriwa kufungua seva zake ikakaidi, ndipo majaji walio wengi wakauchukulia ukaidi huo kuwa ushahidi dhidi yake. Mwaka 2022 mambo yalikwenda kwa njia nyingine: kulikuwa na vituo 46,229, na picha za fomu zake ziliwekwa kwenye tovuti ambayo mwananchi yeyote aliweza kuifungua na kujijumlishia mwenyewe. Makamishna wanne kati ya saba waliyakana matokeo, kesi ikafika mahakamani, seva zikakaguliwa na baadhi ya masanduku yakafunguliwa, lakini majaji hawakuona tofauti ya maana kati ya fomu za tovuti na fomu halisi zilizopelekwa Bomas, ukumbi wa Nairobi ambako kura za urais zilijumlishwa. Kilichobadilika kati ya chaguzi hizo mbili ni kwamba karatasi ilitolewa hadharani.

Na nionye jambo moja ambalo hukuliuliza. Anayetaka kuiba kura kwa urahisi hana haja ya seva. Anatafuta kituo ambacho mpinzani wake hana wakala, au ana wakala mwenye njaa aliyeondoka saa kumi na mbili jioni. Vyama vinavyokodi helikopta na kushindwa kumlipia wakala nauli na chakula vinajiibia vyenyewe.

*Mimi ni mkulima, na vidole vyangu vimesuguliwa na jembe hata KIEMS, kifaa cha kusoma alama za vidole vya wapiga kura, hakinitambui. Je, nitazuiwa kupiga kura? (Msomaji, Kitale)*

Hapana, ukiwa na kitambulisho chako na jina lako limo kwenye sajili, karani atakutafuta kwa nambari, nawe utajazwa kwenye Fomu 32A mbele ya mawakala. Ukinyimwa haki hiyo, usiondoke mpaka msimamizi wa kituo afike.

*Kwa nini tusitumie mashine za kupigia kura, tuachane na karatasi? (Msomaji, Mombasa)*

Kwa sababu mpiga kura haoni kinachotendeka ndani ya mashine. Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilizikataa kompyuta za kura mwaka 2009 kwa hoja kwamba raia wa kawaida lazima aweze kuzikagua hatua kuu za uchaguzi bila kuwa mtaalamu. Namibia ilitumia mashine zisizotoa karatasi tangu 2014, hadi Mahakama yake ya Juu iliposema Februari 2020 kwamba jambo hilo lilikuwa kinyume cha sheria. Katiba yetu, kifungu cha 86, inataka mfumo ulio rahisi, sahihi, salama, wenye uwazi na unaoweza kuthibitishwa. Neno la kwanza hapo ni rahisi, na sikubali lipuuzwe na wauzaji wa mitambo.

*Tunafanya kazi Doha, na kusafiri hadi kituoni ni shida. Tuwekeeni kura ya intaneti kama Estonia. (Wasomaji watatu, Qatar)*

Shida yenu naielewa. Hata hivyo, Estonia imejenga mfumo huo tangu 2005 juu ya vitambulisho vya kidijitali ambavyo karibu kila raia anavyo, na inamruhusu mpiga kura kuirudia kura yake iwapo alishurutishwa. Nyinyi mnaolala wanane chumba kimoja na wenye waajiri wakali, ni nani atakayethibitisha kwamba hakuna aliyesimama nyuma yenu mlipobonyeza? Daini vituo zaidi.

*Nimeona Fomu 34A yenye tarakimu iliyokatwa na kuandikwa upya. Je, huo si wizi? (Msomaji, Machakos)*

Si lazima. Niliwahi kuwa wakala katika darasa moja la shule ya msingi, na saa nane usiku, kwa mwanga wa taa ya betri, msimamizi aliyekuwa kazini tangu alfajiri aliandika 212 badala ya 221. Tulilitambua kosa kwa sababu karatasi zilikuwa bado mezani: mafungu manne ya hamsini hamsini, na ishirini na moja pembeni. Akaikata tarakimu kwa mstari mmoja, akaandika iliyo sahihi, sote tukatia saini kando yake. Linganisha na Malawi mwaka 2019, ambako fomu zilipakwa Tipp-Ex, ule wino mweupe wa kufutia, hata maandishi ya awali yasionekane, na mahakama ikaufuta uchaguzi huo Februari 2020. Kosa lililoachwa lionekane hukaguliwa. Lililofichwa ndilo la kupigiwa kelele.

*Ungepewa nafasi ya kubadilisha jambo moja, ungebadilisha nini? (Msomaji, Nakuru)*

Ningeweka ukaguzi wa sampuli kuwa lazima kisheria. Jimbo la Colorado nchini Marekani limekuwa likifanya hivyo tangu 2017: dado zenye pande kumi hurushwa hadharani, nambari zinazopatikana hutumika kuchagua karatasi za kura, na karatasi hizo hulinganishwa na hesabu iliyotolewa na mashine. Sisi hatufungui sanduku mpaka mahakama iamuru, nayo mahakama ina siku 14 tu za kuamua kesi ya urais. Mwenyekiti wa Tume ana siku saba za kutangaza matokeo. Ndani ya siku hizo dado zirushwe Bomas mbele ya wagombea wote, vituo vichaguliwe, masanduku yafunguliwe na kura zihesabiwe upya. Na mkataba wa mitambo ueleze waziwazi kwamba mkandarasi hawezi kujificha nyuma ya haki miliki siku ya ukaguzi, kama ilivyotokea 2022. Sharti hilo liandikwe kabla ya kutia saini, kwa maana baada ya malipo hatutakuwa na nguvu ya kulidai.

*Naweza kuipiga picha karatasi yangu ya kura? (Msomaji, Thika)*

Usithubutu, kwa sababu picha hiyo ndiyo risiti anayoisubiri mnunuzi wa kura. Piga picha ya fomu iliyobandikwa mlangoni jioni, nambari ya kituo ikiwa ndani ya picha.