Sarafu ionekane imesimama kwenye kioo
Ndugu wa Lamu uliyeuliza kuhusu picha ya sarafu yako, hiyo pesa ya shaba ya Mombasa ya 1888 ukitaka ionekane imesimama juu ya kioo, GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, inatosha kabisa. Kata bakigraundi (mandhari ya nyuma) kwanza, kopi leya (tabaka la picha) yenye sarafu, hiyo kopi igeuze juu chini, usiizungushe tu maana maandishi yatakaa vibaya na mtu atashtukia, alafu ishushe mpaka kingo ziguse, zikiachana hata kidogo sarafu itaonekana inaelea. Kisha iwekee hiyo kopi maski (kifuniko kinachoficha sehemu ya leya) yenye gradienti, yaani rangi inayobadilika taratibu, nyeupe juu nyeusi chini ili ififie, opasiti (kiwango cha kuonekana) kama asilimia 30 hivi, ukungu (blur) kidogo basi. Ila kama unauza weka na picha isiyoguswa, wanunuzi wa sarafu hawataki urembo, wanataka kuona mikwaruzo.