Maswali na Majibu: Ibada Tuliyoizoea na Wanaotaka Kuibadilisha

Barua nyingi za safari hii zinatoka kwenye sharika zenye utaratibu mkali wa ibada, na karibu zote zinavutana juu ya jambo lile lile: nani aguse nini, na kwa ruhusa ya nani. Nimechagua chache. Waliouliza tena ikiwa ngoma ni za shetani wasome Zaburi 150 kabla ya kuandika.

Sisi vijana tumependekeza mabadiliko kadhaa ya ibada, lakini baraza la wazee linajibu kila mara, "Hivi ndivyo tulivyopokea." Tufanyeje ili tuwashinde?

Ondoeni kwanza hilo neno kuwashinda. Wazee wamekabidhiwa kundi walilinde, na mlinzi akiona watu wanamjia kwa pamoja na kwa sauti ya juu, hufunga mlango hata kama wamebeba kitu chema.

Chukueni karatasi mwandike kila kipengele cha ibada yenu, kuanzia wito wa ibada hadi baraka ya mwisho. Mbele ya kila kimoja andikeni kilikotoka: Maandiko, katiba na liturujia (utaratibu wa ibada ulioandikwa) ya dhehebu, au mazoea ya usharika wenu. Pale msipojua, waulizeni wazee wenyewe, na muwaulize kwa nia ya kujifunza. Kusoma Neno, maombi, mahubiri na Meza ya Bwana havina mjadala. Toba kutangulia mahubiri, au watu kusimama wakati wa somo la Injili, ni mambo ya liturujia. Kuyagusa ni kazi ya ngazi za juu za dhehebu, wala kikao cha vijana hakina mamlaka hayo. Lakini kwaya kuu kuimba lazima kabla ya kwaya ya vijana, au matangazo kusomwa katikati ya wimbo na mahubiri, hayo mtayakuta kwenye kundi la tatu, la mazoea. Huko ndiko mnakoruhusiwa kuzungumza, na hata huko msiende na mambo saba. Nendeni na moja.

Kwa nini nasisitiza asili ya kila desturi? Chukueni mfano wa uimbaji wa mstari kwa mstari, ambapo kiongozi anasoma mstari na watu wanauimba baada yake. Mwongozo wa ibada uliotungwa na mkutano wa Westminster, Uingereza, na kupitishwa mwaka 1645, uliruhusu jambo hilo kwa sababu moja iliyoandikwa wazi: wengi hawakuwa wanajua kusoma. Ilikuwa dawa ya muda. Watu wakaja kujua kusoma, vitabu vikapatikana, na waliotaka kuacha mtindo ule wakapingwa vikali Uskoti na hata Marekani miaka ya 1720, kana kwamba wanang'oa amri ya Mungu. Sababu ilikwisha kitambo, desturi ikabaki na heshima ya Maandiko.

Nanyi vijana, msichukue mfano huo mkaugeuza rungu. Ukimya wa dakika mbili kabla ya ibada nao mtu anaweza kuuita mazoea, na bado ni katika vitu vyenye faida kubwa kwa roho ya mtu aliyekuja na mzigo. Kitu kuwa mazoea hakutoshi kuwa sababu ya kukiondoa. Semeni kinazuia nini.

Mungu habadiliki (Malaki 3:6). Kwa nini basi ibada ibadilike?

Someni mstari wote. Unasema Bwana hana kigeugeu, *ndiyo maana* wana wa Yakobo hawakuangamizwa. Unahusu uaminifu wa Mungu kwa agano lake, hauhusu saa ya kuanza ibada. Swali hili huja kila toleo, na jibu ni hili hili.

Kwaya yetu ilileta wimbo mpya, kiongozi akawaomba watu wote waimbe. Kanisa zima lilinyamaza. Wametugomea?

Hawakuwagomea. Mliwanyima nafasi. Mtu hawezi kuimba wimbo aliousikia mara moja, uliopigwa kwa ufunguo wa wanakwaya, na ambao haonyeshwi mahali pa kuanzia.

Anzeni na kimo cha sauti. Mwanakwaya mwenye mazoezi hufika juu bila shida, lakini mshirika wa kawaida, asubuhi, bila kupasha sauti, anaanza kukwama akivuka D iliyo oktavu moja (noti nane) juu ya ile iliyo jirani na C ya kati, yaani C iliyo katikati ya kinanda. Tazameni noti ya juu kabisa ya wimbo. Ikiwa ni F, shusheni ufunguo nusu toni tatu. Kinanda cha umeme kina kitufe cha kazi hiyo. Angalieni na upande wa chini, maana mkishusha mno besi wenu watafurahi na akina mama watabaki wanaguna.

Pili ni utangulizi. Mpiga kinanda anayebuni utangulizi mrefu wenye mapambo anawaacha watu hawajui waingie wapi. Apige mstari wa mwisho wa ubeti kama ulivyo, kwa mwendo ule ule utakaoimbwa, asikie watu wanavuta pumzi, aingie nao. Asipunguze mwendo mwishoni mwa utangulizi halafu akaanza kwa kasi nyingine.

Tatu ni muda. Jumapili ya kwanza kwaya iuimbe peke yake wakati wa sadaka, watu wasikie. Ya pili, kwaya iimbe beti na watu waingie kwenye kiitikio tu. Ya tatu, wote, kwa sauti ya kwanza pekee; acheni sauti nne kwa sasa, kwa sababu mtu anayejifunza tuni akisikia alto (sauti ya pili) sikioni anapotea. Ya nne, urudieni. Kisha upumzisheni wiki mbili mwone kama umeshika. Wimbo mmoja kwa mwezi ni mwendo wa juu kabisa, na usharika wenye wazee wengi uende nusu ya hapo. Msiuweke mwanzo wa ibada, wala mwisho, wala kwenye Meza ya Bwana. Sehemu hizo watu wanahitaji wimbo wanaoujua kwa moyo.

Na mkiimba mpya, ibada hiyo hiyo ziwepo tenzi tatu za zamani. Nimeona ratiba zenye nyimbo tano mpya kwa Jumapili moja. Hiyo ni tamasha, na waumini wanakuwa watazamaji.

Mzee mmoja amesema kuimba maneno ya wimbo wa zamani kwa tuni nyingine ni dhambi. Ni kweli?

Si dhambi. Wimbo maarufu wa neema wa John Newton ("Amazing Grace") ulichapishwa mwaka 1779 maneno matupu, bila noti. Tuni ambayo dunia nzima inaujua nayo leo iliunganishwa na maneno hayo katika kitabu cha William Walker mwaka 1835, Newton akiwa ameshafariki. Anayetetea tuni hiyo kama ya asili anatetea badiliko.

Vitabu vingi vya nyimbo huandika vipimo juu ya wimbo, kwa mfano 8.6.8.6, yaani idadi ya silabi katika kila mstari. Nyimbo mbili zenye vipimo sawa zinaweza kubadilishana tuni. Hata hivyo hesabu haitoshi: maneno yakitafsiriwa kwa Kiswahili, mkazo wa neno huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na tuni inayokanyaga silabi isiyo na mkazo hufanya neno lisikike vibaya. Imbeni beti zote kimya kimya kwanza. Na tuni yenye furaha msiivalishe maneno ya msalaba. Hapo yule mzee ana haki ya kulalamika, hata kama sababu aliyotoa si sahihi.

Kupiga makofi kanisani kunaruhusiwa?

Zaburi 47:1. Kama dhehebu lako linazuia, waulize wazee wako.

Mimi ni mchungaji. Nilitangaza kwamba kuanzia Jumapili inayofuata ibada itaanza saa 2 badala ya saa 4, na kwamba tutaacha kusoma Imani ya Mitume kila wiki. Sasa usharika umegawanyika. Wamekaidi mamlaka, sivyo?

Mchungaji, kwa heshima yote, ulifanya makosa matatu kwa tangazo moja: hukuwashirikisha, hukuwapa muda, na ulibadilisha mambo mawili yasiyohusiana. Sasa hata wewe hujui wanachokataa ni saa au ni Imani ya Mitume.

Historia ya kanisa ina onyo zito hapa. Patriaki (mkuu wa kanisa) Nikon wa Moscow aliamuru mwaka 1653 watu wafanye ishara ya msalaba kwa vidole vitatu badala ya viwili, na mengine ya aina hiyo yakafuata, ikiwemo aleluya kuimbwa mara tatu badala ya mbili. Baraza la mwaka 1666 na 1667 likawalaani walioshika desturi ya kale. Watu waliteswa, wengine wakauawa, na mgawanyiko ule upo hadi leo. Laana zenyewe kanisa la Urusi liliziondoa mwaka 1971, zaidi ya miaka 300 baadaye. Vidole! Lakini kwa mkulima wa Urusi vidole vile ndivyo mama yake alivyomfundisha kusali, na hakuna aliyekaa naye kumweleza.

Linganisha na Benjamin Keach, mchungaji Mbaptisti wa London. Miaka ya 1670 kanisa lake halikuwa na desturi ya kuimba tenzi. Alianza na wimbo mmoja tu baada ya Meza ya Bwana. Ilichukua takribani miaka 20 kufikia kuimba kila Jumapili, na wimbo uliwekwa mwisho ili asiyekubaliana atoke kabla haujaanza. Hata hivyo baadhi walihama. Uvumilivu haukuzuia maumivu yote, ila kanisa lilisimama.

Kwa hiyo fanya hivi. Rudisha Imani ya Mitume Jumapili ijayo, bila maelezo marefu. Lile lilikuwa jambo la mafundisho, na halikupaswa kuondolewa kwa tangazo. Suala la saa lipeleke kwenye baraza, liingie kwenye muhtasari, litangazwe wiki sita kabla. Kabla ya kutangaza, zungumza na wanaoathirika kwanza: walimu wa shule ya Jumapili, anayefungua mlango, wanakwaya wanaofanya mazoezi asubuhi, na wanaotoka mbali. Kisha weka majaribio ya miezi mitatu yenye tarehe ya mwisho iliyoandikwa. Hesabu mahudhurio kila Jumapili, pamoja na waliofika baada ya somo la kwanza. Tarehe ikifika, rudini saa 4 mpaka baraza liamue. Majaribio yasiyo na tarehe ya mwisho ni udanganyifu, na watu wakidanganywa mara moja hawatakubali jaribio lingine hata liwe jema namna gani.

Baadhi ya washirika wanataka vitabu vya nyimbo viondolewe, tutumie projekta. Wazee wanakataa. Nani yuko sahihi?

Wazee wana hoja nzuri kuliko wanavyojua kuieleza. Ukuta unaonyesha maneno tu. Kitabu chenye solfa (noti za do, re, mi) kinaonyesha sauti zote nne, na usharika ukikaa miaka kumi bila kitabu, alto na teno hupotea, watu wote wanaimba sauti ya kwanza. Pia kitabu kinakwenda nyumbani, na umeme ukikatika hakizimiki.

Wekeni projekta *pamoja na* vitabu. Mistari minne kwa ukurasa, isizidi sita. Maandishi meupe juu ya rangi nyeusi au bluu iliyokolea, bila picha za maua na mawingu nyuma. Namba ya wimbo ionekane kila ukurasa ili mwenye kitabu afuate. Anayebadilisha kurasa awe mtu anayeimba. Abadilishe watu wanapoanza neno la mwisho, maana macho hutangulia mdomo. Akisubiri neno liishe, kila ubeti utaanza na pengo.

Tuache kikombe kimoja cha Meza ya Bwana, tutumie vikombe vidogo?

Vikombe vidogo vilienea Marekani miaka ya 1890 kwa hofu ya magonjwa, na hofu hiyo si ya kudharauliwa. Wanaotetea umoja wakumbuke kwamba 1 Wakorintho 10:17 inautaja mkate mmoja, kwa hiyo mkate mmoja unaomegwa mbele ya watu unalinda maana hiyo. Uamuzi ni wa baraza, na ufundishwe kabla ya siku yenyewe. Mtu asikute mambo mapya akiwa amepiga magoti.

Ibada yetu inachukua saa nne. Wazee wanasema kupunguza ni kumpimia Mungu.

Shikeni saa Jumapili nne mfululizo, mwandike dakika za kila kipengele. Mara nyingi Mungu hapewi hizo saa nne: kuna matangazo yanayosomwa na kurudiwa, wageni kutambulishwa mmoja mmoja, vikundi kupita mbele kwa zamu, na kutafuta maikrofoni. Wapelekeeni wazee hizo namba, si malalamiko. Matangazo yaandikwe na kubandikwa mlangoni, yasomwe yale tu yanayohusu wiki hiyo. Somo la Biblia na maombi msiyaguse hata dakika moja. Nasema hivi kwa sababu kila ninapoona ibada "imefupishwa", kilichokatwa ni somo la Agano la Kale, na matangazo yako pale pale.

Bibi mmoja wa miaka zaidi ya 80 ameacha kuja tangu tubadilishe ibada. Tumemwombea.

Mmemtembelea? Nendeni wawili, mmoja awe kati ya walioleta mabadiliko, mkamuulize ni kitu gani hasa kimemwondoa. Mara nyingi ni kimoja na ni kidogo: spika iliyo karibu na kiti chake, maandishi asiyoyaona, wimbo wa kumalizia uliofutwa. Spika inahamishika wiki hii hii. Wimbo nao urudisheni, hata kama ni Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, na mwambieni mapema ni Jumapili ipi.